Hesabu za Mashamba Yetu Ziko Wapi?

Maneno kwa wakulima wa Diani na Msambweni, na kwa watoto wao wasomao katika vyuo vikuu

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msomaji, neno hili twalijua sote, ingawa mwenye duka hulishika kuliko sisi wenye mashamba. Lakini leo nataka tulitazame kwa upande wa pili. Daftari la mashamba yetu lipo, nalo limeandikwa mara nyingi. Tangu hesabu ya watu ya mwaka 1948 mpaka ile ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, na katikati yake mara nyingi zisizo na idadi, wamekuja watu wa kalamu na karatasi, na siku hizi watu wa simu na tableti, wakiuliza: Mzee, una minazi mingapi? Mama, mlivuna mihogo kiasi gani? Mvua ilianza lini? Wewe uliwajibu, nao wakaandika, wakaaga, wakaenda zao.

Swali langu ni hili: hesabu hizo ziko wapi, na ni nani awezaye kuziona?

KWA NINI JAMBO HILI LIKUHUSU

Tuseme mtoto wako, wa kiume au wa kike, yuko mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwalimu wake amwambia aandike utafiti juu ya minazi ya Diani: je, yapungua au yaongezeka, na kwa sababu gani? Mtoto ana miezi michache na fedha kidogo. Kama hajui pa kuuliza, atapiga chapa karatasi za maswali, atalipa nauli za bodaboda, atazunguka nyumba 40 za Ukunda na Mwabungo, na mwisho atakuwa na hesabu za mwaka mmoja tu kutoka nyumba 40. Kwa hesabu hizo hawezi kusema kwamba minazi imepungua, maana kupungua ni jambo la miaka mingi. Labda atapata alama za kumtosha, lakini kazi yake haitamfaa mkulima hata mmoja. Na wewe uliyeuza mbuzi ili kulipa karo, utakuwa umenunua karatasi.

Mwenzake ajuaye pa kutafuta ataanza na hesabu zilizokwisha kukusanywa na wengine, za miaka 10, 20 au 40. Halafu ataenda kwenye nyumba zile 40 kuuliza yale tu ambayo vitabu havikusema. Huyo ndiye atakayerudi na jibu.

Wala usidhani kwamba hesabu ni mambo ya wasomi peke yao. Tazama Gazi, hapo kusini yetu. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana zamani, na tangu miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, akiwamo Dakta James Kairo, wamekuwa wakipanda mikoko pamoja na wenyeji na kuipima: unene wa miti, urefu wake, na udongo ulio chini yake. Vipimo hivyo viliandikwa na kutunzwa mwaka baada ya mwaka. Ilipofika mwaka 2013, watu wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, wakaanza kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wa hektari 117, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Basi, mnunuzi aliye Ulaya haoni mikoko ya Gazi kwa macho yake. Anachokiona ni vipimo. Kama vipimo vingepotea, kusingekuwa na cha kuuza.

DATA NI NINI?

Neno hili data lisikutishe. Ni habari zilizokusanywa kwa utaratibu na kuandikwa kwa namna moja, ili ziweze kuhesabiwa na kulinganishwa. Daftari lako la maziwa, lenye tarehe upande mmoja na idadi ya chupa upande wa pili, ni data. Zikiwa nyingi na zikiwekwa katika jedwali la kompyuta, zaitwa seti ya data.

Lakini jedwali peke yake halitoshi. Hapana budi liwe na maelezo yake: nani alipima, wapi, lini, kwa kipimo gani, na maana ya kila safu. Jedwali lisilo na maelezo ni kama mkebe wa mbegu usio na jina. Huenda ni mbegu njema, lakini nani atathubutu kuipanda? Kwa hiyo mtafiti apatapo jedwali, kwanza na ayatafute maelezo, ndipo azitazame tarakimu.

MAGHALA YALIKO

Hesabu za Kwale hazikai mahali pamoja. Ziko katika maghala mengi, na kila ghala lina mlango wake. Nitayataja yale makubwa.

Watu na nyumba. Ghala lake ni Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, ambalo lina ofisi katika kaunti zote 47. Hapo ndipo tujuapo kwamba watu wa Kwale walikuwa 649,931 katika mwaka 2009, na 866,820 katika mwaka 2019, yaani waliongezeka 216,889 kwa miaka kumi. Katika ripoti za mwaka 2019, juzuu ya pili yaonyesha idadi ya watu mpaka kwenye kata ndogo, na juzuu ya nne yaonyesha nyumba zinazolima na mazao yake, minazi na mikorosho ikiwamo. Ripoti hizi zasomwa bure katika tovuti ya KNBS. Mtafiti atakaye zaidi ya ripoti, yaani majibu yenyewe ya nyumba moja moja bila majina ya watu, ataingia katika hazina ya KNBS iitwayo KeNADA, ajiandikishe na kueleza kazi yake. Tena Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kinatunza sampuli za hesabu za watu za Kenya, kuanzia ile ya 1969, katika hazina iitwayo IPUMS. Mtoto wa Diani aweza kuziomba akiwa Diani.

Mazao. Kuna Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, ambalo lina kituo Mtwapa kishughulikiacho mazao ya pwani. Kuna Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, ambayo idara yake moja hutazama minazi, mikorosho na mazao mengine ya mafuta. Kuna ofisi za kilimo za kaunti, ambako ripoti za Mabwana na Mabibi Shamba huletwa. Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton ilirudi kwenye familia zile zile za wakulima mara kadhaa kuanzia mwaka 1997 mpaka 2010, na kurudi kwa watu wale wale ni jambo la thamani sana, maana ndipo huonekana nani ameinuka na nani ameanguka. Na kwa habari za mikorosho, usisahau jirani zetu wa Tanzania: kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimeufanyia zao hili kazi ya miaka mingi.

Mvua. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ndiyo yenye vitabu vya vipimo. Panapokosekana kipimo cha mvua, mtafiti aweza kutumia hesabu ziitwazo CHIRPS, zilizotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara. Hawa huchanganya picha za setilaiti na vipimo vya ardhini, wakakadiria mvua ya kila siku tangu mwaka 1981, kwa miraba yenye upande wa kilomita 5 hivi. Ni bure kwa kila mtu. Lakini ni makadirio. Mraba mmoja waweza kufunika ufuo wa Diani na mashamba ya bara kwa pamoja, na wewe wajua kwamba mvua ya huku si mvua ya kule. Kwa hiyo yafaa yalinganishwe na kipimo cha ardhini popote kilipo.

Udongo. Hapa pana jambo la kufurahisha. Mwaka 1978 Idara ya Upimaji wa Udongo ya Kenya ilitoa ripoti nzima, pamoja na ramani, juu ya udongo wa sehemu za Kwale, Mombasa na Lunga Lunga. Ripoti hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya ISRIC, mjini Wageningen, Uholanzi. Miaka mitano baadaye, katika mwaka 1983, kilitoka kitabu cha Jaetzold na Schmidt cha uongozi wa mashamba, ambacho sehemu yake moja ni ya Mashariki na Pwani. Kitabu hicho kiligawa pwani kwa kanda: ukanda wa minazi na mihogo, ukanda wa mikorosho na mihogo, na kadhalika, na wataalamu wangali wakiyatumia majina hayo. Mwanafunzi aanzaye kuchimba mashimo ya kupima udongo wa Kwale kabla ya kusoma vitabu hivi viwili, anatwanga maji.

Bahari. KMFRI, yenye makao yake Mombasa na kituo hapo Gazi, ndiyo pia hutunza hazina ya taifa ya data za bahari. Habari za samaki, mikoko, joto la maji na mawimbi huulizwa huko.

Maradhi. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi huweka data zao katika hazina ya Chuo Kikuu cha Harvard iitwayo Dataverse. Nyingine huchukuliwa bure. Nyingine, kwa kuwa zahusu habari za wagonjwa, huombwa kwa kamati inayopima kwanza sababu ya mwombaji.

Kazi za wanafunzi waliotangulia. Vyuo vikuu vingi vya Kenya vimeweka tasnifu zao katika intaneti. Mtafiti asiishie kusoma mlango wa mwisho tu. Na afungue viambatisho vilivyo nyuma ya kitabu, maana mara nyingi majedwali yenyewe yako huko.

KARATASI KUUKUU SI TAKATAKA

Ghala la mwisho ni Nyaraka za Taifa, katika barabara ya Moi, Nairobi. Humo mna ripoti za kila mwaka za Wilaya ya Kwale na za Idara ya Kilimo za tangu enzi za wakoloni. Watu wengi hudhani kwamba karatasi hizo zimekwisha kazi. Sikilizeni basi habari hii.

Profesa Robert Snow na wenzake, wakifanya kazi Nairobi, walitafuta kwa miaka mingi kila mahali palipopata kuandikwa kwamba watoto au watu wa kijiji fulani walipimwa damu wakaonekana na vijidudu vya malaria. Walipekua nyaraka za wizara, maktaba, ripoti zilizopigwa taipu, na makaratasi yaliyosahauliwa katika makabati. Mwaka 2017 walitoa matokeo: vipimo zaidi ya 50,000 kutoka Afrika kusini ya Sahara, vya tangu mwaka 1900 mpaka 2015. Kwa kuviweka pamoja waliona kwamba kati ya watoto wa miaka 2 mpaka 10, waliokuwa na vijidudu vya malaria kali walikuwa 40 katika kila 100 katika miaka ya 1900 mpaka 1929, nao walishuka mpaka 24 katika kila 100 katika miaka ya 2010 mpaka 2015. Hapakuwa na njia nyingine ya kulijua jambo hili. Lilijulikana kwa sababu karani fulani, mahali fulani, aliandika tarehe na jina la kijiji, na mwingine hakuichoma karatasi.

Na data zenyewe ziliwekwa wazi katika Dataverse, kila mtu azitumie. Basi kama katika ofisi yenu ya chama cha ushirika kuna sanduku la vitabu vya korosho au vya nazi vya zamani, msiviuze kwa muuza karanga. Piga simu kwanza chuo kikuu.

NAMNA YA KUOMBA

Watu wengi huogopa mlango wa ofisi. Yafaa mjue kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaeleza njia yake. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika hapaswi kufukuzwa, bali afisa amsaidie ombi lake liandikwe. Hakuna ada ya kupeleka ombi. Kinachoweza kulipwa ni gharama ya kunakili na kuletewa. Ofisi yatakiwa kujibu upesi, wala si zaidi ya siku 21, ingawa yaweza kuongeza siku 14 mara moja kama kazi ya kutafuta ni kubwa. Ikinyima, mwombaji aweza kupeleka shauri lake kwa Tume ya Haki ya Utawala. Zipo habari zisizotolewa, kama siri za watu binafsi na za usalama wa nchi, lakini mvua na korosho si siri.

Barua yenyewe na iwe fupi. Mfano ni huu:

“Kwa Afisa wa Habari. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, mkazi wa Diani. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala ya hesabu za mavuno ya nazi na korosho za Kaunti Ndogo ya Msambweni, kwa kila mwaka tangu 2013 mpaka 2023, pamoja na maelezo ya namna zilivyokusanywa. Kama ziko katika kompyuta, naomba jedwali lenyewe na si picha yake. Kama baadhi ya miaka haipo, nitashukuru kupewa iliyopo. Wako mtiifu.”

Angalia mambo manne katika barua hiyo: ametaja zao, mahali, miaka, na maelezo. Mtu aandikaye “naomba data zote za kilimo” atapewa kiti angoje, na akichoka ataondoka.

TARAKIMU ZISOMWE KWA HADHARI

Mwenye kutumia hesabu za zamani na ajihadhari na mitego hii.

Kwanza, vipimo. Vitabu vya zamani vya mvua viliandikwa kwa inchi, na inchi 1 ni milimita 25.4. Mazao yalipimwa kwa ratli, na kilo 1 ni ratli 2.2 hivi. Ekari 1 ni hektari 0.4 hivi. Gunia la mahindi lilikuwa la ratli 200, nalo ni karibu sawa na lile la kilo 90. Nazi huweza kuhesabiwa moja moja, au kuandikwa kwa uzito wa mbata. Mtu asipotazama, ataona mvua imeongezeka mara 25, kumbe ni kipimo tu kilichobadilika.

Pili, mipaka. Katika vitabu vya kabla ya mwaka 2013 utaisoma Kwale kama wilaya ya Mkoa wa Pwani, na tarafa zake hazilingani zote na kaunti ndogo za leo. Kabla ya kulinganisha mwaka na mwaka, hakikisha ni ardhi ile ile.

Tatu, majina ya ofisi. Aliyekuwa KARI ni KALRO tangu sheria ya mwaka 2013. Mamlaka ya Maendeleo ya Minazi, iliyoanzishwa mwaka 2007, nayo iliingizwa katika AFA. Ukitafuta, tafuta kwa majina yote mawili, la kale na la sasa.

Nne, makisio. Ripoti nyingi za mazao hazikutokana na kuhesabu, bali afisa alikisia kwa jicho. Si kosa kuyatumia makisio, lakini ni kosa kuyaita hesabu kamili.

WASAIDIZI WAPO

Mwanafunzi asihangaike peke yake. Mtu wa kwanza kumwendea ni mkutubi wa chuo. Kazi yake si kugonga muhuri kwenye vitabu tu. Ndiye ajuaye maghala na jinsi ya kuyafungua. Wa pili ni mtakwimu, naye aendewe kabla ya kukusanya data, si baada. Fundi wa nyumba huitwa kabla ya kuchimba msingi, haitwi kuta zikisha kupasuka.

Kwa wasaidizi hawa asiende mikono mitupu. Achukue karatasi moja yenye mambo matatu: swali lake kwa sentensi moja, mahali na miaka anayoitaka, na orodha ya pale alipokwisha kutafuta. Akipata data, aandike zilikotoka na tarehe aliyozichukua. Hazina nyingi huipa kila seti namba ya kudumu iitwayo DOI, na namba hiyo na iandikwe katika tasnifu kama jina la kitabu liandikwavyo.

GHALA MOJA HALITOSHI

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nchi za nje, tovuti ya FEWS NET, iliyokuwa ikitoa maonyo ya njaa tangu mwaka 1985, ilizimwa kwa miezi. Programu ya DHS, iliyosaidia uchunguzi wa afya na uzazi wa Kenya tangu ule wa mwaka 1989, nayo ilisimama, na kwa muda watafiti wapya hawakuweza kuandikishwa ili wapewe data. Wanafunzi waliokuwa katikati ya kazi walikwama. Waliokuwa wameweka nakala zao kwa njia halali waliendelea.

Mkulima hufundishwa kutoweka mbegu zote katika chungu kimoja. Ndivyo ilivyo na data. Zikae Kenya kwanza, na nakala yake ikae kwingine, na mtafiti awe na yake mwenyewe.

HAKI YAKO NA KAZI YAKO, MKULIMA

Mtafiti ajapo shambani kwako, mkaribishe. Kisha muulize mambo matano.

1. Leseni ya NACOSTI iko wapi? Ni Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, nayo hutoa ruhusa ya utafiti kwa sheria ya mwaka 2013.

2. Kazi hii ni ya nini, na jina langu litaandikwa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yalinda habari zako. Una haki ya kuelezwa, na una haki ya kukataa.

3. Je, umetazama waliyokwisha kuandika wengine kabla ya kuja kwangu? Akisema hapana, mwonyeshe ukurasa huu.

4. Data hizi zitawekwa katika hazina gani baada ya kazi kwisha?

5. Matokeo yatarudije kwetu, na kwa lugha gani? Baraza la chifu lapatikana, na Kiswahili au Kidigo chatosha.

Hayo si kumtesa mgeni. Mtafiti mwema hufurahi kuulizwa, maana ajua kwamba amefika kwa watu wanaojali.

Na kazi yako wewe ni kuwa na daftari. Nunua daftari la shule, lipige mistari, uandike tarehe, sehemu ya shamba, ulichopanda au kuvuna, kiasi na kipimo chake, na bei. Ukiweza, pata kipimo cha mvua, ukiweke mahali peupe mbali na miti na paa, ukisome kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua andika 0, usiache pengo, kwa maana pengo halisemi kama mvua haikunyesha au wewe hukuwapo. Ukurasa wa kwanza andika jina la kijiji na aina ya kipimo. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na habari za shamba lako ambazo setilaiti haikuziona.

Haya, wakulima wa Diani, Ukunda, Kinondo, Gazi na Msambweni! Mwenye mtoto chuoni na amsomee ukurasa huu jioni ya leo, au amtumie kwa simu. Mwambieni aanze kwa mkutubi, kisha kwa KNBS, kisha aje ofisi ya kilimo na barua yake iliyotaja zao, mahali na miaka. Nasi makarani tukiiona barua ya namna hiyo, twajua kabati gani la kufungua.